Kaunta buku la kwaya tatu: tathmini baada ya kurasa 288 za hadithi

Daftari ninalolitathmini hapa halihitaji utambulisho mrefu, kwa maana ni wachache waliosoma sekondari bila kulibeba kwapani, na ni wachache zaidi waliowahi kukopa sukari dukani bila jina lao kuandikwa ndani yake. Ni kaunta buku, lile la jalada gumu jeusi lenye kitambaa chekundu mgongoni, ambalo muuza duka huliweka chini ya meza karibu na mizani na mwanafunzi hulifunika kwa gazeti au karatasi ya nailoni. Langu nililinunua Ngamiani, Tanga, tarehe 6 Januari, kwa shilingi 4,500, nikaliandika ukurasa wa mwisho tarehe 31 Oktoba. Katika muda huo wote sikulitumia kwa kazi nyingine isipokuwa moja: kuandika hadithi ya kubuni kila siku kabla ya kwenda kazini. Kwa miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kujijengea desturi hiyo kwa simu, kwa kompyuta ya ofisini baada ya saa za kazi, na kwa madaftari madogo yenye majalada ya kupendeza ambayo watu humpa zawadi mtu wakisikia kwamba anaandika, na vyote hivyo vilinishinda.

Nianze na ukubwa, kwa sababu ndiko mnunuzi anakokosea. Madaftari haya huuzwa kwa kwaya, na kwaya hapa si ile ya kanisani, bali ni kipimo cha zamani cha karatasi: karatasi 24 zikikunjwa katikati hutoa karatasi 48 za ukubwa wa daftari, nazo zikiandikwa pande zote mbili zinakuwa kurasa 96. Kwaya mbili ni kurasa 192, kwaya tatu ni 288, na kwaya nne ni 384. Mwanafunzi huitumia hesabu hiyo kukisia kama daftari la historia litamfikisha Novemba. Mimi niliitumia kwa namna nyingine kabisa, kwa kuamua kwamba ukurasa mmoja ni siku moja, haidhuru siku hiyo imekwendaje, na kwamba ukurasa ukibaki nusu mtupu nitauacha hivyo hivyo, wala sitaufidia kesho yake. Kabla sijaandika neno la kwanza nilikaa jioni nzima nikiweka namba kurasa zote kwa kalamu nyekundu, kazi ya kuchosha ambayo hata hivyo ninaipendekeza kwa kila mtu, kwa sababu baada ya hapo daftari haliwezi tena kuchanwa karatasi kimyakimya.

Kijana aliyeniuzia alilipangusa vumbi kwa kiganja, akaniuliza, "Mjomba, unafungua duka nini?" Nilimjibu kwamba ni la kuandikia hadithi. Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akasema basi nichukue na kalamu mbili, kwa kuwa hadithi zinamaliza wino kuliko madeni. Nilizichukua, na kwa kweli hakukosea.

Sasa nieleze kwa nini ninashikilia ukurasa na siyo idadi ya maneno, maana ushauri mwingi unaotolewa kwa waandishi wa kila siku hupimwa kwa maneno, na karibu wote umetungwa na watu wanaoandika Kiingereza. Maarufu kuliko yote ni ule wa NaNoWriMo, mradi ulioanzishwa na Chris Baty huko San Francisco mwaka 1999 na uliotangaza mwezi Machi 2025 kwamba unafungwa, ambao ulimtaka mshiriki aandike maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, yaani 1,667 kwa siku. Niliwahi kuifuata hesabu hiyo kwa Kiswahili, nikakwama siku ya tisa, nikajiona mvivu. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nikibeba mzigo usio wangu. Neno letu moja, "hakunitambulisha", linabeba ndani yake ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na tendo lenyewe, mambo ambayo Mwingereza huyaeleza kwa maneno matano, na kila neno la nyongeza linamsogeza kwenye lengo lake. Anayeandika riwaya kwa Kiswahili na kujipimia kwa kipimo hicho anasimulia mambo mengi zaidi kuliko mwenzake kabla ya kufika idadi ile ile, halafu anajilaumu kwa kuchelewa. Ukurasa hauna upendeleo huo. Mistari 33 ni mistari 33, na mwandiko wa mtu unaijaza kwa kadiri lugha yake inavyotaka.

Wala si wazo geni. Anthony Trollope, mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa mtumishi wa posta na kuandika riwaya alfajiri kabla ya kwenda kazini, ameeleza katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, kwamba alijipangia kurasa kwa wiki, wastani wake ukiwa kurasa 40, na akaziandika katika shajara ili siku za uvivu zimtazame usoni. Kweli, naye alikuwa akihesabu maneno, kwa kuwa aliona neno "ukurasa" linaweza kumdanganya, hivyo akaamua kwamba ukurasa wake uwe na maneno 250. Nilihesabu kurasa zangu kumi nilizozijaza hadi chini nikapata kati ya maneno 231 na 274, kwa hiyo mimi na yule bwana wa posta tumekaribiana kwa ukurasa, ingawa yeye alikuwa akiandika kurasa zake kwa robo saa moja moja huku saa ikiwa mbele yake, na mimi ukurasa mmoja hunichukua muda wa kuchemka maharage.

Simu niliipa nafasi yake kwa haki. Nilitumia programu moja ya kuandikia, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikihesabu siku mfululizo na kuonyesha alama ya moto kadiri siku zinavyozidi. Nilifika siku 61. Kisha nikasafiri kwenda msibani mahali ambapo mtandao haukuwapo, nikaandika kwa uaminifu siku tatu nikiwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, na niliporudi mjini simu ilipopata mtandao programu ile ikazihesabu siku zote tatu kuwa moja, ikaniambia kwa furaha kwamba leo ni siku yangu ya kwanza na nisikate tamaa. Nilikata tamaa. Yapo na mengine madogo madogo: kabla sijaizima sehemu ya kusahihisha maneno, mhusika wangu hakuweza kusema "sana" bila simu kutaka kuandika "Santa", na mara nyingi nilifungua simu niandike nikajikuta nasoma ujumbe wa kikundi cha harusi ya mtu nisiyemjua. Kaunta buku halina ujumbe. Likifunguliwa halina la kumwonyesha mtu isipokuwa ukurasa wa jana na ukurasa wa leo.

Huo ukurasa wa jana ndio uliofanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Kanuni yangu ilikuwa kwamba nikifika mstari wa mwisho naweka kalamu chini, hata kama sentensi haijaisha, na mara nyingi haikuwa imeisha. Nitatoa mfano wa jambo hilo kwa karibu, kwa sababu bila mfano linaonekana kama hila ya watoto. Ukurasa wa 41 una sentensi moja tu. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, taa ya kuchaji ilikuwa imebakiza mwanga wa njano, na nilikuwa nimepata usingizi wa muda wa saa nne tu. Niliandika: "Mzee wa kahawa aliliweka dele chini, akalifunika kwa kofia yake." Dele ni lile birika la muuza kahawa. Sikuwa na la kuongeza, wala sikujua mzee huyo ametoka wapi, kwani hadithi niliyokuwa nikiiandika ilihusu fundi cherehani na haikuwa na muuza kahawa ndani yake. Nikaufunga ukurasa ukiwa na mistari 31 mitupu. Kesho yake, ukurasa wa 42, ilinibidi nijibu swali ambalo nililiacha mwenyewe: mtu anayetembeza kahawa alfajiri, tena kichwa wazi kwenye umande, anafunika dele kwa kofia ili iweje? Jibu lililokuja ni kwamba ndani ya dele hamkuwa na kahawa. Kuanzia hapo fundi cherehani akawa shahidi badala ya kuwa mhusika mkuu, na kurasa 160 zilizofuata ni za yule mzee.

Ningekuwa ninaandika kwenye simu, sentensi ile ningeifuta, kwa sababu kufuta ni kugusa tu, na skrini iliyofutwa haina kovu. Kwenye daftari lenye namba ningeweza kuikata kwa mstari, lakini ingebaki ikisomeka chini ya mstari huo, nami ningeendelea kuiona kila nikipita. Wapo watakaosema kwamba huo ni utumwa. Kwangu ulikuwa unafuu, kwa maana ukurasa ulioharibika ulihesabiwa kuwa siku iliyofanya kazi sawa na ukurasa mzuri, na asubuhi nyingi nilikaa mezani bila woga kwa sababu nilijua kwamba deni langu ni ukurasa, si ukurasa mzuri.

Nilikosa siku 11 kati ya 299. Homa ilichukua nne, msiba mwingine ukachukua tatu (safari hii sikuandika, ilikuwa zamu yangu ya kulia), na nne zilizobaki sina kisingizio. Hapa daftari linaizidi programu kwa tabia yake ya kutojali: siku iliyokosekana haiachi pengo lolote, kwa sababu ukurasa unaofuata ni ule ule uliokuwa ukingoja. Watafiti wa chuo cha University College London (UCL) wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakachapisha matokeo mwaka 2010 kwamba tendo la kila siku lilichukua wastani wa siku 66 hadi kuzoeleka kiasi cha kufanyika lenyewe, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakitofautiana kutoka siku 18 hadi 254, na kwamba kukosa nafasi moja hakukuharibu kwa kiasi cha maana mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Matendo waliyoyachunguza yalikuwa mepesi, kama vile kunywa maji au kufanya mazoezi kidogo, na kutunga hadithi si kunywa maji. Mimi niliona mabadiliko karibu na ukurasa wa 90, nilipogundua kwamba nimekwisha kuwasha jiko la gesi, kuteleka chai na kufungua daftari kabla sijajiuliza kama leo nina hamu.

Niseme sasa kasoro, maana zipo na baadhi ni nzito. Karatasi ya daftari hili ni nyepesi. Kalamu ya kawaida ya wino mzito haina shida, lakini nilipojaribu zile za wino majimaji, maandishi yalipenya hadi upande wa pili, na kurasa za 17 hadi 22 husomeka kama mazungumzo ya watu wawili wanaosema kwa wakati mmoja. Wakati wa masika, hewa ya Tanga ilipojaa maji, karatasi zilivimba na jalada likapinda kama ganda la embe lililoachwa juani, ikanibidi niliweke usiku chini ya pasi ya mkaa isiyo na moto. Kushonwa kwake pia hakulingani. Daftari hushonwa kwa mafungu ya karatasi na kisha kugandishwa kwa gundi mgongoni, na la kwangu liliachia fungu la katikati karibu na ukurasa wa 144, nikaendelea nalo kwa kulifunga raba. Kabla ya kununua, lifungue katikati kabisa na uvute karatasi kidogo: uzi ukicheza, rudisha, uombe lingine. Muuzaji hatakasirika, kwani wanunuzi wenye uzoefu hufanya hivyo kila siku.

Kasoro nyingine ni ya asili ya daftari lolote, nayo ni kwamba halitafutiki. Nilipofika ukurasa wa 200 sikukumbuka kama mke wa muuza kahawa alikuwa amekufa au amerudi kwao, na ilinibidi nisome kurasa 60 nikitafuta sentensi moja. Baada ya hapo nilitumia sehemu ya ndani ya jalada kuandika majina ya wahusika, umri wao, na namba ya ukurasa ambapo kila mmoja alitokea kwa mara ya kwanza, jambo ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza ningekuwa na mtu wa kunishauri. Na kuna suala la usalama. Daftari ni moja, halina nakala, na nyumbani kaunta buku likionekana mezani kila mtu huliona kuwa ni la wote. Ukurasa wa 97 una hesabu za kugawanya za mwanangu wa darasa la nne, ambazo zilikuwa sahihi isipokuwa moja, na ukurasa wa 183, chini kabisa ya kifo cha mhusika niliyempenda, mke wangu ameandika kwa mwandiko wake mzuri: mchele kilo tatu, nazi mbili, kitunguu, gesi inaisha. Niliviacha vyote viwili. Lakini tangu siku ya nazi nilianza kupiga picha kurasa zote kwa simu kila Jumapili, na ninamshauri kila mmoja asisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Gharama kamili ya kazi hii haimo kwenye bei ya daftari. Pamoja na kalamu saba, nilitumia chini ya shilingi 10,000 kwa karibu miezi kumi, kiasi ambacho hakimsumbui mtu mwenye mshahara. Gharama inakuja mwishoni, pale maandishi ya mkono yanapotakiwa kuwa mswada, kwa sababu wachapishaji hupokea kazi iliyochapwa. Dukani kwetu kuchapiwa ukurasa mmoja ni shilingi 1,000, na kurasa 288 zingenitoa zaidi ya laki mbili na nusu, bila kuhesabu muda wa kusahihisha makosa ya kijana anayechapa huku akisikiliza mpira. Nilijaribu pia programu ya simu inayosoma picha za mwandiko na kuzigeuza maandishi, nayo ikageuza "dele" kuwa "debe" kila mara na "aliliweka" kuwa mambo ambayo hayamo katika lugha yoyote. Hatimaye nimeamua kuchapa mwenyewe, kurasa sita kila Jumamosi na sita kila Jumapili. Kazi hiyo ni ya polepole, na faida yake ni kwamba uhariri wa kwanza unafanyika humo humo: maneno niliyoyaandika yote yanakaribia 65,000, na kwa jinsi ninavyokwenda sidhani kama nusu yake itavuka kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Kile kisichostahili kuchapwa, vidole vyenyewe vinakigomea.

Kwa sababu hiyo sitampendekezea kaunta buku mtu ambaye amekwisha kuzoea kuandika kila siku na shida yake ni kumaliza mswada kabla ya tarehe ya mwisho ya tuzo au ya mchapishaji. Huyo atapoteza miezi akichapa alichokwisha kukiandika, na kompyuta itamfaa zaidi. Pia halimfai anayeandikia kwenye daladala akiwa amesimama, kwani ni pana na zito, na linahitaji meza au angalau mapaja yaliyotulia. Linamfaa yule anayeanza na kuacha, anayeanza tena na kuacha tena, ambaye ana sura za kwanza za riwaya nne katika simu tatu. Huyo anahitaji kitu kinachoonyesha kwa unene wake ni kiasi gani ametoka na ni kiasi gani kimebaki, na daftari hili hufanya hivyo bila maneno: mwezi Februari upande wa kushoto ulikuwa mwembamba kama chapati, na mwezi Septemba nilikuwa nikiuinua kwa kiganja kizima.

Kuhusu kwaya ngapi, mtu asinunue nne kwa mara ya kwanza, hata kama hesabu inavutia, kwani kurasa 384 zinatosha mwaka mzima na kubakiza 19, na wingi huo humtisha anayeanza. Wala asinunue moja, ambayo huisha wakati desturi ndiyo kwanza inashika. Mbili zinafaa kwa majaribio, na tatu kwa aliyekwisha kuamua. Mimi tarehe 1 Novemba nilirudi dukani Ngamiani kuchukua la kwaya nne, shilingi 6,000, nikalivuta uzi katikati, nikalirudisha, nikapewa lingine. Kijana yule alinikumbuka. Aliuliza kama lile la kwanza limejaa madeni, nikamwambia limejaa, akaweka kalamu tatu juu ya daftari bila kuniuliza.